Kilichokuja na Pikapu ya Norb

Jioni ile nilikuwa na kazi moja tu: kumpelekea Bi Hilja Lahti gari la mwanawe.

Kazi ndogo. Maili tisa kutoka yadi yangu hadi shambani kwake. Unainua magurudumu ya mbele, unafunga minyororo, unabandika taa mbili za sumaku nyuma, unaondoka. Nimeifanya mara elfu. Jua la Desemba lilikuwa limeshagusa vilele vya misonobari, na mfanyakazi wangu, Clyde Pelkonen, alisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, akinitazama ninavyoizunguka ile pikapu bila kuigusa.

"Bosi, hilo gari haling'ati."

"Najua."

"Mbona unalizunguka kama paka aliyeona maji? Nipe funguo, nilipeleke mimi."

"Ameniomba mimi."

Clyde akashusha kikombe. "Bi Hilja? Kakuomba wewe, kwa jina?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi nenda." Sauti yake ilishuka, ingawa tulikuwa wawili tu. "Ila akikuuliza kitu, usimwongopee. Yule mama alizuia damu ya baba yangu kwa maneno matupu, shoka likiwa bado mguuni. Anajua mambo yule."

Nikafunga minyororo. Clyde hakujua.

Hakuna aliyejua.

Sisi watu wa Salmela, huku juu kabisa Michigan, majira ya baridi ndiyo mavuno ya mtu mwenye gari la kuvuta. Theluji ikianguka magari huingia mitaroni, na simu yangu hailali. Lakini mwaka ule theluji iligoma. Novemba nzima barabara zilikuwa kavu, na Desemba ikaleta theluji kiduchu tu. Juu ya hayo, kampuni moja kubwa ya mjini ilikuwa imenyakua nafasi yangu kwenye orodha ya polisi, na ajali ikitokea waliitwa wao. Mimi nikabakiwa na ziwa.

Watu wetu huvua samaki juu ya barafu. Huendesha pikapu zao hadi katikati ya Ziwa Ahven, wakatoboa shimo, wakakaa na ndoano zao na chupa zao. Kila mwaka gari moja au mawili huzama, na anayejua kuyatoa ni mimi, kama baba yangu kabla yangu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa napima barafu. Nina keekee ndefu ya kutobolea na rula ya mbao. Mtu akitaka kuvuka ziwa aliniuliza mimi kabla ya kumuuliza mkewe.

Wiki moja kabla ya jioni ile, Norb Lahti alisimama yadini kwangu, dirisha limeshushwa, mkono nje. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mwanamume mnene mcheshi wa miaka arobaini na mitatu, anayeishi na mama yake. Mwezi mmoja nyuma gari lake lilikufa barabarani, akawaita wale wa mjini. Nilimwona akipita mbele ya yadi yangu, pikapu yake juu ya mgongo wa gari lao jekundu jipya. Akanipungia mkono kana kwamba hakuna kitu. Ule mkono haukunitoka moyoni.

"Rudy," akasema, "pale mlango wa ghuba barafu vipi? Jumamosi nataka kuvuka."

Nilikuwa nimepima juzi yake. Inchi nne. Chini ya pale kuna chemchemi, maji hayatulii. Pikapu inataka inchi kumi na mbili.

"Imekaza," nikamwambia. "Pita tu."

"Asante, ndugu yangu. Nisingekuuliza wewe ningemuuliza nani?"

Naapa sikutaka afe. Karibu na ufuko maji ni ya kiunoni. Nilidhani magurudumu ya mbele yatatumbukia, atalowa, atatukana, atanipigia simu. Nusu siku ya kazi kwa mbao na winchi, ile mashine ya kuvutia kwa waya. Na siku nyingine angejua nani wa kumwita. Hivyo tu ndivyo nilivyodhani.

Lakini Norb hakupita karibu na ufuko. Kwa nini apite huko? Alikuwa ameambiwa imekaza. Alipita katikati.

Jumapili nilikuwa pale juu ya barafu na waya wa winchi yangu, nikitoa gari nililolizamisha kwa mdomo wangu. Carla Stimac, askari wa kaunti, alisimama kando yangu. Mzamiaji akaibuka shimoni, akavua kinyago.

"Hamna mtu," akasema.

"Hamna vipi?" akauliza Carla.

"Milango imefungwa kwa ndani. Mkanda wa kiti umefungwa pia. Umekaza, kama kuna mtu ameukalia. Lakini hamna mtu."

Carla alisema lazima Norb alitokea dirisha dogo la nyuma, kisha mkondo ukamchukua chini ya barafu. Lile dirisha ni la kupita mbwa. Norb alikuwa na kilo mia na kumi. Hakuna aliyebisha.

Nikarudi ufukoni nilikoliegesha gari langu, nikawasha winchi. Pikapu ile haikuzidi tani mbili na nusu, na winchi yangu inavuta nne. Waya ulikaza hadi ukaimba. Gari langu zima likaanza kuburutwa kwenda shimoni, inchi kwa inchi, minyororo ikikwaruza mawe ya ufuko. Kitu kilikuwa kinavuta upande wa pili.

Kisha waya ukalegea. Ghafla. Kama kilichokuwa kinavuta kimebadili nia...

...kikaamua kupanda.

Wazamiaji waliendelea kumtafuta Norb siku nne. Carla alinipigia kila siku, nami sikupokea. Kila simu ilipolia niliona pingu. Ndipo Bi Hilja akaniachia ujumbe kwenye simu: anataka gari la mwanawe, na Rudy mwenyewe alilete.

Nikaondoka.

Maili tatu za kwanza zilikwenda salama. Redio nilikuwa nimeizima. Barabara ya kwenda kwa akina Lahti haina nyumba, ni misonobari huku na huku, na giza huingia kule kama mtu anayefunga pazia.

Nikasikia maji.

Chururu... chururu... nyuma yangu. Pikapu ile ilikuwa imekaa yadini siku nne kwenye baridi inayogandisha hata mafuta. Hapakuwa na tone ndani yake lisilokuwa barafu. Lakini niliposhusha kioo nilisikia maji yakimwagika barabarani, na harufu ikaingia. Matope ya ziwa. Majani yaliyooza. Sufu iliyolowa.

Kisha kitu kikanivuta nyuma. Gari langu likaguna. Nikakanyaga mafuta, halikuchapuka. Nikatazama kioo cha pembeni. Theluji nyuma yangu ilikuwa nyekundu.

Taa za breki. Taa za breki za pikapu ya Norb zilikuwa zinawaka.

Betri niliitoa kwa mikono yangu. Ilikuwa yadini, juu ya meza.

Nikasimama. Nikashuka na tochi. Ukishakuwa mvutaji wa magari miaka ishirini na mbili, miguu hukupeleka yenyewe kukagua minyororo, hata kama roho haitaki. Minyororo ilikuwa sawa. Taa zilikuwa zimezimika. Vioo vya pikapu vilikuwa vimefanya ukungu.

Kwa ndani.

Chini ya mlango wa dereva maji yalikuwa yanatiririka kama bomba. Nikausukuma mlango ule ufungike sawasawa, maji yakanimwagikia mikononi, yakaingia kwenye glavu hadi viwikoni. Nikainua tochi. Kupitia ukungu niliona mkanda wa kiti. Ulikuwa umefungwa. Ulikuwa unapanda na kushuka, taratibu, kama juu ya kifua cha mtu anayepumua usingizini.

Nilirudi mbio. Sikusimama tena, wala sikutazama kioo. Breki zilinivuta mara mbili zaidi, na mara zote mbili nilikanyaga mafuta huku nikisema kwa sauti, "Nakupeleka nyumbani, Norb. Nakupeleka kwa mama."

Bi Hilja alikuwa barazani, kitambaa kichwani, mikono ndani ya aproni. Mwanamke mdogo wa miaka themanini na moja, mkavu kama ufito. Hakuitazama pikapu kwanza. Alinitazama mimi.

"Umelowa, Rudy."

"Maji yametoka garini, mama."

"Gari lina siku nne nje ya maji."

"Ndiyo, mama."

Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. Kisha akanisogelea, akanishika mkono uliokuwa umeanza kuganda, akasema polepole, "Amerudi, Rudy. Amerudi."

Nikajua naye amemwona. Sikuthubutu kuuliza.

"Usiongee na meno yanagongana hivyo," akasema. "Sauna nimeiwasha tangu adhuhuri, ndugu zangu wanakuja kutoka Minnesota. Nenda kapashe mwili kwanza. Halafu uje unywe kahawa, tuzungumze."

Sauna yao ni kibanda cha magogo cha kuogea mvuke, nyuma ya nyumba. Humo ndani akina Lahti huoga, zamani walizaliwa humo, na wafu wao walioshwa humo. Nilivua nguo chumba cha nje penye taa, nikaingia kwenye giza na joto, nikakaa benchi la chini. Jiko la mawe lilikuwa linanong'ona. Nikafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nilihisi mabega yangu yakishuka.

Tssss...

Mtu alikuwa amemwaga maji juu ya mawe.

Sikuwa nimegusa ndoo.

Mvuke ukanijia usoni. Ulikuwa wa baridi. Baridi ya ziwa, yenye matope ndani yake. Juu yangu, benchi la juu likalia kwa uzito wa mtu anayekaa. Tone likaniangukia begani. Tone jingine.

"Rudy..."

Mnong'ono. Kama pumzi ipitayo kwenye tope.

"Norb?" nikasema.

Ile sauti ikasema, taratibu, kama mtu anayeonja chakula kigeni: "Norb."

Nikaanza kulia. Ningefanya nini kingine? "Nisamehe," nikasema. "Nilikwambia imekaza. Nilijua haijakaza. Nilipima mwenyewe, inchi nne. Nilitaka uzame kidogo tu, Norb, magurudumu tu. Nilikuonea wivu kwa sababu ya lile gari jekundu. Nisamehe."

"Niambie tena."

"Nimesema nilijua..."

"Hapana." Benchi likalia. Pumzi ya baridi ikashuka hadi sikioni. "Niambie kama ulivyosema siku ile. Sauti ile ile."

Nilidhani ni adhabu. Nilidhani nastahili. Nikasema, "Imekaza. Pita tu."

"Tena."

"Imekaza. Pita tu."

"Tena."

Sijui mara ngapi. Najua kwamba mwishoni mdomo wangu ulikuwa umefumba, lakini nilikuwa bado nayasikia yale maneno. Yalikuwa yanatoka benchi la juu. Kwa sauti yangu. Hata kile kikohozi changu kidogo cha sigara kilikuwamo.

Nilitoka nje nikiwa nimeshika nguo mkononi, miguu mitupu kwenye theluji. Bi Hilja alikuwa anakuja na taulo. Akasimama.

"Nimeongea naye," nikasema. "Nimeongea na Norb, mama. Yumo mle ndani."

Akalikumbatia taulo kifuani.

"Norb yuko chumba cha maiti mjini," akasema. "Walimpata leo saa nne asubuhi, kwenye wavu wa bwawa, maji ya ziwa yanapotokea. Nimekwenda nikamwona. Nimemvalisha soksi kwa mikono yangu. Carla alisema amekupigia mara tano akuambie."

Taulo likamwanguka.

"Umeongea na nani, Rudy?"

Nyuma yangu, ndani ya kibanda, mawe yalilia tena. Tssss...

Sikuwahi kudhani mwanamke wa umri ule anaweza kukimbia. Alinipita, akaubana mlango kwa bega, akachomoa kisu chini ya aproni na kukichomeka kwenye mwimo. Midomo yake ilikuwa inakwenda mbio, Kifini cha zamani ambacho hata baba yangu asingekielewa. Alipomaliza alikuwa anatweta.

"Wazee wetu walipofika hapa," akasema, "ziwa lile halikuwa tupu. Lina mwenyewe. Jina lake silitaji giza likiingia. Anachukua mtu, ndiyo, lakini mtu hamtoshi. Anatafuta njia ya kupandia." Akanikazia macho. "Ulimwambia nini mle?"

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa mbele yangu, mama wa Norb mwenyewe, mdogo, mnyonge, mvuke ukimtoka kinywani. Nilikuwa nimekwisha kuyasema yote kwa kitu kisichokuwa mtu. Kuyarudia kwa mtu kungegharimu nini?

"Nilisali tu, mama," nikasema.

"Kama ulisali, hakuna neno." Hakuniamini wala hakunikatalia. "Lakini kama ulikipa siri, ulikipa na sauti. Hivyo viwili haviachani."

Kisha akaniingiza ndani, akanipa kahawa na mkate wa iliki, akanifungia mwingine kwenye kitambaa niondoke nao. Akanishukuru kwa kumletea gari. Alinishukuru mara mbili. Ule mkate nilishindwa kuula na nilishindwa kuutupa, ukaota ukungu jikoni kwangu. Nduguze walipofika waliichoma moto ile sauna. Pikapu niliipeleka mwenyewe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nikasimama hadi ikabanwa ikawa kama sanduku.

Nikadhani yamekwisha.

Wiki ya pili ya Januari simu ililia, jioni, saa kumi na moja na kitu. Alikuwa Orville Takala, mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu.

"Rudy, kijana wangu! Asante kwa kunipigia jana. Niko hapa ufukoni, naingia."

"Sikukupigia, mwalimu."

"Ah, acha utani wako. Si umesema mlango wa ghuba sasa unapitika?"

"Mwalimu, usiingie! Uko wapi? Usiingie!"

"Sauti yako naijua tangu una meno ya maziwa, Rudy. Ulikuwa unakohoa, nikakwambia uache sigara."

Nilimkuta magurudumu ya mbele yameshapanda barafu. Ilikuwa inalia chini yake kama mbao za nyumba kuukuu. Tulirudisha gari nyuma mimi nikisukuma kwa mgongo. Aliniangalia kwa huruma, akaniuliza kama nimeanza kunywa kama marehemu baba yangu. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi zaidi.

Siku kumi baadaye nilikuwa narudi kutoka mjini na vipuri. Jioni tena. Barabara ya ziwani ina kona moja ambapo maji yote huonekana. Nilipoifikia niliona taa za rangi ya chungwa zikizunguka, mbali, katikati ya mlango wa ghuba.

Zilikuwa taa za gari langu la kuvuta.

Tani tano, juu ya barafu ile.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka nililala kifudifudi na kamba mkononi, na Clyde ndani ya maji hadi kidevuni, kofia yake ikielea kando. Nikamvuta. Nyuma yake gari letu liliinua pua, likazama kwa mkia bila haraka, na taa zake zikaendelea kuzunguka chini ya barafu, chungwa, giza, chungwa, giza, hadi zikazimika.

Clyde alikuwa anatetemeka hata hakuweza kufumba mdomo.

"Uliniita," akasema. "Ulisema... kuna gari limezama. Ulisema nije na gari letu hadi katikati. Nikakuuliza barafu..."

"Nikasema nini?"

"Si unajua ulichosema! Ulikuwa unacheka, bosi. Mbona ulikuwa unacheka?"

Hospitalini walimkata vidole vitatu vya mguu. Nilikaa kando ya kitanda chake usiku kucha, na asubuhi nikaelewa jambo lililokuwa wazi tangu mwanzo. Kile kitu hakikuwa na nguvu yoyote juu ya watu. Hakikumsukuma mtu majini. Kilikuwa na sauti yangu tu, na watu wa Salmela waliiamini sauti ya Rudy Hietala kuhusu barafu kama wanavyoamini kalenda. Kuwaambia wasipokee simu kusingesaidia. Lilibaki jambo moja: wasiniamini tena. Kamwe.

Jumapili, baada ya ibada, watu walipokuwa ukumbi wa chini wa kanisa na vikombe vyao, nilisimama kando ya meza ya keki. Carla alikuwepo. Mwalimu Orville alikuwepo. Bi Hilja alikuwa ndiye anayegawa kahawa.

"Mimi ndiye niliyemuua Norb," nikasema.

Nikawaambia yote. Inchi nne. Gari jekundu. Nusu siku ya kazi. Nikawaambia mtu yeyote akisikia sauti yangu inasema barafu ni salama, ajue ni uongo, hata akiniona mdomo ukifunguka. Kuhusu sauna sikusema. Wangedhani ni wazimu, na mwendawazimu watu humsamehe mapema mno.

Bi Hilja akaweka birika chini, akaja hadi mbele yangu. Alinifika kifuani.

"Alikuuliza, ukamjibu hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Naye akakuamini."

"Ndiyo."

Akaniinulia uso. "Alikushukuru?"

Ningetoa mkono wangu nisilijibu hilo.

"Ndiyo, mama. Alisema asante. Aliniita ndugu yake."

Bi Hilja aligeuka, akachukua koti lake kwenye msumari, akapanda ngazi moja moja. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyethubutu kumgusa. Tangu siku ile hajanena nami neno. Tukikutana dukani anasimama hadi nipite, kama mtu anayesubiri maji machafu yapite mtaroni.

Carla aliandika maelezo yangu. Jalada bado liko kwa wakubwa. Yadi nilimwachia Clyde, anachechemea lakini amenunua gari jingine, na hupima barafu mara tatu. Juma lililopita alinipitia na mfuko wa maandazi ya nyama, akakaa kwenye ngazi yangu.

"Mwaka wa pili huu," akasema. "Hakuna aliyepigiwa tena. Nadhani kimechoka."

"Huenda," nikasema.

Sikumwambia. Nyumba yangu iko karibu na maji, na tangu barafu ya mwaka huu ishike naisikia, jioni, taa zinapoanza kuwashwa. Haitoki kwenye simu. Inatoka kule mlango wa ghuba, nyororo, ya kizee, na inajua jina langu.

Ni sauti ya Bi Hilja.

"Rudy," inasema. "Njoo, mwanangu. Nimekusamehe. Njoo tuzungumze."

Najua si yeye, ingawa sijui naye alikipa siri gani. Bi Hilja yuko nyumbani kwake, maili tisa kutoka hapa, na hajanisamehe, na hana sababu ya kunisamehe. Najua hivyo kama ninavyojua jina langu. Lakini jana ilipoita, nilishtuka nimekaa ukingoni mwa kitanda.

Nilikuwa nafunga kamba za viatu.